Inverta ya sola ukiwa na friza ndani: mwaka mmoja wangu Mikindani

Hii naandika kwa mtu wa Mtwara, Lindi, Masasi, hata Kilwa huko, anayetaka inverta ya sola ya nyumbani (ile mashine inayogeuza umeme wa betri na paneli uwe kama wa nguzo) na ndani ana kitu cha kugandisha. Kama una taa, simu na tivii tu mambo yako ni mepesi, nitayagusa mwishoni. Mimi nakaa Mikindani, nauza samaki wa barafu, barafu zenyewe na juisi ya ubuyu hapa hapa nyumbani, nina friza ile ya kufungulia juu na friji ndogo ya ndani. Umeme ukikata masaa mawili sina wasiwasi, ukikata tangu asubuhi mpaka magharibi silali. Watu wa huku wanajua, kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa na umeme wetu wa mashine za gesi ya Mnazi Bay, hatukuwa tumeungwa na gridi ya taifa, kwahiyo mashine ikilala hakuna pa kuazima.

Kitu kimoja nataka kikukae kichwani kabla hujaenda dukani: inverta usiichague kwa namba kubwa ya kwenye boksi, ichague kwa ile sekunde friza yako inapowaka. Mimi hilo nimelijua baada ya kupoteza friza.

Inverta yangu ya kwanza nilinunua mjini, duka silitaji, ilikuwa ya volti 12, boksi limeandikwa 2000W kwa maandishi makubwa mekundu. Nikaona friza yangu nyuma imeandikwa wati 150, nikapiga hesabu, 2000 kwa 150 si inabeba hata mafriza kumi. Tukaunga na betri moja ya jeli ya 200Ah (Ah ni ujazo wa betri) na paneli mbili. Taa zikawaka vizuri, feni ikawaka ila ikawa inanguruma tofauti na ilivyozoea, chaja ya simu ikawa inachemka. Friza ndo ikawa kazi. Unasikia "ng'nnng'" kama mtu anasukuma mkokoteni kwenye mchanga, alafu "tik", kimya. Baada ya dakika kadhaa tena "ng'nnng'", tik. Mara nyingine inashika inatembea, mara nyingine haishiki kabisa. Nikamuuliza muuzaji kwa simu akaniambia itazoea tu dada. Wiki ya tatu nikaamka alfajiri naenda kuchota maji nikakanyaga maji ya baridi, nikamulika na simu, ni maji yenye damu yametoka chini ya friza mpaka mlango wa jikoni. Kilo 38 za changu na pweza. Fundi friji akaja akapima kompresa akasema koili imeungua, nunua friza nyingine.

Kumbe ile 2000 ni ya mara moja tu, yaani inaweza kufika hapo kwa nukta ndogo sana kisha inakata, na ndani ya boksi kwenye kikaratasi cha kukunja kulikuwa kumeandikwa ya kudumu ni wati 1000. Tena ile inverta haikuwa ile mafundi wanaita pyua saini. Umeme wa nguzo unapanda na kushuka kwa wimbi laini, mara 50 kwa sekunde. Inverta za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, linaruka juu, linakaa, linaruka chini. Taa haijali. Mota inajali sana, inachemka, inanguruma, na kompresa ya friza ni mota iliyofungiwa ndani ya chuma, huwezi kuiona ikiteseka mpaka siku imekufa. Kwahiyo ukifika dukani swali la kwanza kabla ya bei ni hilo, hii ni pyua saini au siyo, na aoneshe palipoandikwa kwenye mashine yenyewe, kwa mdomo tu usikubali.

Baada ya hapo nilikaa miezi kama minne bila kitu, nanunua barafu ya mtu mwingine nahifadhia samaki kwenye ndoo, hasara tupu. Hela ya korosho ilipotoka, baada ya mnada wa mwezi wa 11, mimi na mume wangu tukakubaliana tufanye safari hii kwa akili. Shemeji yangu ni fundi umeme yupo Ligula, nikamwambia shemeji kabla sijatoa hata mia nataka unipimie kila kitu humu ndani. Akaja jumapili na kile kipimo chake cha kubana waya, cha kwake kina kitufe cha kukamata umeme wa mwanzo, vipimo vingine havikamati hicho kitu maana kinapita haraka mno.

Tukazima friza niliyonunua badala ya ile iliyoungua, tukaiacha ipumzike, akabana waya mmoja, akaniambia shemeji sasa washa uangalie hapa. Nikawasha. Namba ikaruka 6.8 ikabaki imeganda pale, akabonyeza kitufe kurudi kawaida ikasoma 0.7. Akasema, "Umeona shemeji? Hii ndogo ndo wanayokuandikia nyuma ya friza. Hii kubwa ndo iliyokuulia kompresa." Ampea 0.7 kwa volti 230 ni kama 160 hivi. Ampea 6.8 ni zaidi ya 1500. Yaani friza ya wati 150 kila ikiwaka inaomba mara kumi yake, kwa muda mfupi tu, na inaomba hivo usiku na mchana kila kompresa inapoanza, inverta isipompa anajaribu tena, anachemka, anajaribu tena.

Tukafanya hivo kwa friji ndogo, halafu pampu ya kisima. Pampu yangu ni ya hozipawa 1, yaani mota yenye nguvu ya wati 746, kwenye kuwaka ilipiga zaidi ya ampea 15. Sasa jumlisha bahati mbaya: friza na friji na pampu vyote vimewaka pamoja. Haitokei kila siku ila siku ikitokea inverta ndogo inazima nyumba nzima. Shemeji akanishauri pampu niwe naiwasha mchana tu jua likiwa kali na sio usiku, na inverta iwe ya wati 5000 za kudumu. Nilitaka 3000 kupunguza gharama. Kwa nyumba yenye friza bila pampu 3000 nzuri ingetosha, hilo nalisema wazi, ila mimi na pampu nikaona nisijibane.

Matumizi ya kutwa tuliyapima kwa kile kisoketi chenye skrini kinachohesabu yuniti, unachomeka kwenye soketi alafu kifaa unachomeka juu yake, unaacha masaa 24. Friza ilikula yuniti 1.6, friji 0.9, feni tatu usiku kucha 1.2, tivii na taa kama 0.7, pampu nusu saa 0.4. Jumla yuniti 4.8. Hapo nikafurahi. Shemeji akaniambia bado hujaihesabu inverta yenyewe. Nilikuwa sijui hili kabisa, inverta ikiwa imewashwa tu bila mzigo wowote nayo inakula, hizi za kilowati 5 nyingi ni wati 50 hivi. Wati 50 mara masaa 24 ni yuniti 1.2, sawa na feni zangu zote tatu usiku mzima! Ukinunua inverta kubwa kuliko unavyohitaji unalipa hiyo kodi kila siku ya Mungu, jua liwepo lisiwepo. Kwahiyo wale wanaosema "nunua kubwa tu utakua nayo" waulize itakula ngapi ikiwa imekaa bure, ipo kwenye karatasi ya vipimo.

Dukani sasa. Mtwara mjini na Masasi utakutana na majina mengi, Growatt, Deye, Must, Felicity, Luminous, mara chache Victron. Mimi nilizunguka siku mbili na daftari. Sitosema ya jina gani niliyochukua kwasababu sitaki mtu anunue jina, nataka anunue vipimo, na jina moja lina matoleo mengi hayafanani hata kidogo.

Kitu cha kwanza kinachowachanganya watu ni kVA na wati. Inverta imeandikwa 3000 wewe unajua ni wati, kumbe ni VA, yaani volti mara ampea, na wati zenyewe mara nyingi ni pungufu ya hapo. Mfano mzuri ni MultiPlus ya Victron ya 3000VA, kwenye karatasi yake wenyewe wameandika wazi inatoa wati 2400 kwenye joto la nyuzi 25, na wati 2200 kwenye nyuzi 40. Nawapenda kwa uwazi huo. Na hilo la joto kwetu lisikupite, stoo yangu chini ya bati mwezi wa 12 saa 8 mchana ni joto kweli kweli, kwahiyo namba ya boksi ni namba ya chumba chenye kiyoyozi. Hiyo mashine ina transfoma kubwa ndani, ina uzito wa kilo 18, na inaweza kupandisha mpaka wati 6000 kwa muda mfupi mota ikiwaka. Inverta za aina hiyo, zenye transfoma nzito ya chuma, ndo zinazovumilia pampu na kompresa kuliko zote. Hizi nyepesi za kutundika ukutani hazina transfoma hiyo, ni za kielektroniki, zinaandika zinaweza kubeba mara mbili ila kwa muda mfupi zaidi. Ningekuwa na hela ningechukua ya transfoma. Bei ilinizidi, nikachukua ya ukutani ila kubwa yake. Ndo maana nikaenda 5000.

Cha pili ni volti ya betri. Achana na volti 12 kwa nyumba yenye friza. Wati 1600 kwa volti 12 ni ampea 133, waya wake unene wa kidole, ukiweka mwembamba unachemka na njiani umeme unapotea. Wati hizo hizo kwa volti 48 ni ampea 33 tu. Ile inverta yangu ya kwanza waya aliyoniwekea yule muuzaji ulikuwa mwembamba kama wa taa ya gari, friza ikitaka kuwaka volti inaporomoka hapo hapo kwenye waya kabla haijafika kwenye inverta. Nikifikiria sasa hivi naona moto ungeweza kutokea na watoto wamelala, na hapo huwa nasikitika kuliko samaki.

Cha tatu, na hiki kimemkuta jirani yangu wa Magomeni ya huku Mtwara akaja kuniita niangalie, ni volti ya paneli. Hizi inverta za kisasa za 48 nyingi zinataka volti ya juu kutoka kwenye paneli, yangu imeandikwa 120 mpaka 430, na isizidi 450 kwa hali yoyote. Jirani alikuwa na paneli mbili kubwa, akaziunga mfululizo, moja inatoa volti 41 hivi ikifanya kazi, mbili ni 82. Inverta haikuamka. Alikaa wiki tatu anaamini paneli ni feki, ameshagombana na aliyemuuzia, kumbe mashine inasubiri 120 ianze kazi. Akaongeza paneli mbili za aina ile ile ikaanza kuchaji siku hiyo hiyo. Ukizidisha nayo ni hatari upande wa pili, paneli moja isipokuwa na mzigo inafika volti karibu 50, ukiunga kumi ni 500, hapo umeua mashine na waranti haikusaidii. Mimi nina sita za wati 550, mfululizo mmoja, zinakuja kama 250 zikifanya kazi na 300 zikiwa wazi. Zimekaa katikati kabisa. Usinunue paneli leo na inverta mwezi ujao bila kusoma hizi namba mbili pamoja.

Betri nilichukua lithiamu ya volti 51.2, 100Ah, ni yuniti 5.1. Niliambiwa nichukue jeli nne za 200Ah kwamba ndo nyingi, ni kweli kwa karatasi ni yuniti 9.6, ila jeli ukitaka ikae usishushe chini ya nusu, kwahiyo unabaki na 4.8. Alafu betri za risasi zinaumia na joto, kila nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakatika karibu nusu, na mimi nimeshasema stoo yangu ilivyo. Usiku wangu, kuanzia jua linazama mpaka linachomoza, nakula yuniti 3.7 pamoja na inverta yenyewe. Lithiamu inanitosha na inabaki.

Gharama kwa aliyetaka kujua: inverta 1,650,000, betri 2,900,000, paneli sita 1,500,000, na nyaya, breka, vyuma vya juu ya bati na ufundi vikala karibu 900,000 nyingine. Hiyo ya mwisho watu huwa hawaihesabu alafu wanaanza kubana kwenye breka. Breka ya upande wa paneli lazima iwe ya DC (umeme wa paneli na betri), ile ya kawaida ya nyumbani ya AC (umeme kama wa nguzo) usikubali hata ikiwa na ampea sawa, umeme wa DC ukikatwa unavuta cheche ndefu haizimiki kirahisi, breka ya AC inaweza kuyeyuka ikiwa imefungwa hivo hivo. Na mkingo wa radi weka. Mvua zetu za Desemba mpaka Aprili zinakuja na radi za kutosha, na paneli zipo juu ya paa wazi.

Ufungaji tuliufanya siku mbili. Duka nililonunulia walinikubalia jambo moja lililonifanya niwaamini: niliomba nije na friza yangu. Sio utani, tuliipakia kwenye bajaji ya mizigo, tukaipeleka mpaka mlangoni kwao, wakaiunga kwenye inverta na betri ya dukani, tukaiwasha na kuizima mara tano tukiacha dakika kumi kumi katikati ipumzike. Kila ikiwaka taa ya pembeni haikufifia, skrini ikaruka juu ikarudi. Mara ya tano nikasema fungeni boksi. Muuzaji akikataa kukujaribishia kwa kitu chako halisi, akataka kukuonesha kwa balbu, toka. Balbu haioneshi chochote.

Risiti ya EFD walitoa bila kuombwa, karatasi ya waranti wameandika namba ya mashine na mhuri. Hilo kwetu huku ni kubwa, maana mashine ikiharibika ndani ya waranti mara nyingi inapakiwa basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500, na bila hiyo namba utazungushwa. Niliuliza pia, ikienda Dar mimi nakaa na nini? Wakasema wana moja ya kuazimisha kwa wateja wa friza. Sijaihitaji mpaka leo lakini nililala vizuri.

Mahali pa kuitundika tuligombania kidogo na fundi wao. Alitaka barazani karibu na mita ili waya uwe mfupi. Nikakataa, mimi ninakaa mita mia mbili na kitu kutoka baharini, vitasa vya milango vyangu vinaota kutu ndani ya mwaka, upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye vioo. Hizi inverta za ndani zimeandikwa IP20 au 21, maana yake hazizuii mvua wala vumbi, na feni yake inavuta hewa ya nje inaipitisha juu ya ubao wenye vifaa. Ukiweka barazani unaivutisha chumvi kila siku. Tukaiweka stoo ukuta wa ndani, sentimita 30 wazi pande zote, tukatoboa tundu la hewa juu. Hata hivo mwezi wa nne nilipofungua kifuniko cha betri nikakuta kichwa cha waya wa shaba kimeanza kuota ukijanikijani. Nikazima kila kitu, nikasugua kwa brashi, nikakaza upya, nikapaka grisi. Sasa naangalia kila baada ya miezi mitatu. Mtu wa Newala au Nachingwea hana hilo, yeye ana vumbi.

Na mijusi. Hili hakuna aliyeniambia, shemeji ndo aliniambia kwamba kati ya inverta anazofungua zimeungua, nyingi anakuta mjusi amekauka katikati ya ubao. Wanapenda joto la mashine usiku, wanapita kwenye matundu ya chini. Tulitengeneza fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, imekaa mbele kidogo na haijabana matundu, hewa inapita. Wavu wa mbu usiweke, matundu madogo yanajaa vumbi mwezi mmoja mashine inakosa pumzi.

Sasa jinsi inavyofanya kazi. Miezi ya jua, kuanzia wa tano mpaka wa kumi, sina la kusema zaidi ya alhamdulillah. Saa 5 asubuhi betri inakuwa imejaa, mchana friza zinatembea kwa jua, natengeneza barafu nyingi kusudi mchana ili usiku friza ipate kazi ndogo. Luku nilikuwa naweka kila wiki, sasa inapita miezi. Friza haijawahi kusita kuwaka hata mara moja, ile "tik" sijaisikia tena.

Mvua ndo zilinipa somo. Inverta hizi zina sehemu ya kuchagua ianze kutumia nini, ukiweka SBU inaanza na sola, kisha betri, kisha umeme wa nguzo mwisho kabisa. Nilikuwa nimeiacha hapo na nimeiambia irudi kwenye umeme wa nguzo betri ikifika asilimia 20. Februari siku tatu mfululizo mawingu mazito, betri ikawa inafika 20 usiku wa saa 3, inverta inataka kuhamia kwenye umeme, umeme upo kabisa taa za jirani zinawaka, lakini haihami! Inaendelea kula betri mpaka inazima. Nikadhani imekufa. Shemeji akaja usiku akapima soketi, volti 164. Mtaa mzima ule muda wanapika na kupiga pasi, volti inalala. Kwenye inverta kuna mahali pengine unachagua UPS au APL. Ikiwa UPS inakataa umeme ulioshuka chini ya 170 hivi, ikiwa APL inakubali hata 90. Suluhisho rahisi ni kuweka APL, na ndivyo fundi wa duka alivyoniambia kwenye simu. Mimi nikakataa nikasema ile 164 ikipita inaenda moja kwa moja kwenye kompresa, na kompresa ikipewa volti ndogo inavuta ampea nyingi inachemka, nitakuwa nimerudi kulekule kwa friza ya kwanza. Shemeji akaniunga mkono. Tukaacha UPS, tukapandisha ile namba ya kurudi kwenye umeme kutoka 20 mpaka 50, ili umeme ukiwa mbovu saa 2 usiku bado nina akiba ya kuvuka mpaka usiku wa manane volti inaporudi juu ya 200. Na tukaruhusu ichajiwe na umeme wa nguzo kwa ampea 20 tu. Tangu hapo haijazima. Kwa mtaa wenye volti inayolala kama wa kwangu hii mipangilio miwili ina thamani kuliko kuongeza betri ya pili, na hailipiwi hata shilingi.

Yasiyonipendeza yapo. Feni yake ina kelele, mchana jua likiwa kali inavuma stoo nzima, ukiiweka karibu na chumba cha kulala utajuta. Skrini yake ni ndogo na alama zake mpaka uwe na kitabu mkononi, na kitabu ni cha Kiingereza na Kichina, mama yangu mkwe akiwa peke yake nyumbani hawezi kujua ile taa nyekundu inasema nini. Nimemwandikia kwa Kiswahili kwenye karatasi nikabandika pembeni: namba hii maana yake mzigo umezidi, zima pampu, namba hii betri imeisha, washa umeme. Maduka wangefanya hivo kwa kila mteja, ni karatasi moja tu. Alafu ule waya mdogo unaounganisha betri na inverta ili zizungumze, mimi fundi alitaka kuuacha akisema sio lazima. Mimi nasema kwa lithiamu usiuache. Bila huo inverta inakisia chaji kwa volti tu, na lithiamu volti yake haishuki sana mpaka inapokaribia kuisha, inaonesha imejaa kumbe ipo nusu. Tulimrudisha akauunga, akachagua aina ya betri kwenye orodha, skrini ikaanza kuonesha asilimia za kweli.

Pasi situmii kwenye sola usiku, birika la umeme na jiko vilevile. Mchana saa 6 jua kali napiga pasi bila shida.

Kwa mwenye taa tano, simu, redio na tivii ndogo, labda upo shambani Nanyamba au Tandahimba ndani ndani: haya yote ya volti 48 sio yako. Ukipata taa na tivii za DC zenyewe huhitaji hata inverta, unaondoa ule ulaji wa bure kabisa. Ukitaka lazima feni ya AC na chaja za laptopu, inverta ya pyua saini ya wati 500 mpaka 1000 volti 24 inakutosha, ila uniahidi friji hutaichomeka humo kabla hujaipima inavyowaka. Msimu wa korosho mafundi wanabanwa sana, watu wengi wanafunga wakati mmoja na kazi zinafanywa haraka haraka, kama unaweza subiri mpaka Januari au wahi kabla ya mnada wa kwanza.

Friza ya kwanza niliuza kama chuma chakavu. Kile kikapu cha waya cha ndani nilibaki nacho, ndo naanikia dagaa.